Shangazi Alipokuja Kuona Maktaba ya Ghorofa

Kwa desturi yetu, siku ya posa baba wa kijana hasemi neno. Anakaa mbele, amevaa koti hata kama jua linapasua mawe, na kazi yake ni kunyamaza mpaka mambo yaishe. Anayesema ni msemaji wa familia. Lolote litokalo kinywani mwake limesemwa na familia nzima. Akiahidi ng'ombe, sisi ndio tutakaomtafuta huyo ng'ombe. Akisema uongo, baba wa kijana anarudi nao nyumbani kichwani kama mzigo wa kuni.

Mungu alinijalia mtoto wa kiume mpole, seremala, asiyependa maneno. Alinijalia pia jirani anayeyapenda kwa niaba yetu sote. Tulikua naye ukimbizini Tanzania, tukarudi kwa lori moja, tukapewa viwanja vinavyopakana hapa Rumonge, kando ya ziwa, na kwa miaka yote hiyo sijamwona akikosa jibu. Ukimuuliza mvua itanyesha saa ngapi atakuambia, na isiponyesha atakueleza ilikopitia. Huyo ndiye tuliyemfanya msemaji.

Posa ilifanyika Minago, nyumbani kwao binti. Binti ni mwalimu wa shule ya msingi, na wazazi wake ni watu wa Kivu ya Kusini waliohamia pwani hii zamani, wakavua na kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, hadi wakawa wenyeji. Upande wao hawakumweka mwanamume kusema. Walimweka shangazi yake binti, dada wa baba yake, mfanyabiashara wa vitenge aliyetoka Uvira, kulekule Kivu, kwa ajili ya siku hiyo. Alikuwa mama wa mwili mkubwa, na mwavuli wake mweusi ulilala magotini mwake kama bunduki ya askari wa zamu.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Shangazi aliposafisha koo.

"Mutoto wetu anapenda kusoma," alisema. "Tangu iko mudogo. Ukimutuma sokoni kuleta chumvi imefungwa mu gazeti, chumvi inamwagika njiani, gazeti inafika. Sasa nyinyi watu wa Rumonge, niambieni. Huko kwenu atasoma nini? Magamba ya samaki?"

Watu wa kwao walicheka. Wa kwetu walimtazama msemaji. Nami nilimtazama, nikaona macho yake yanang'aa, na moyo wangu ukashuka.

"Mama Shangazi," alisema, akasimama ingawa hakuna aliyemtaka asimame, "Rumonge ni mji. Tuna bandari yenye meli kubwa kuliko kanisa. Tuna mzunguko wa barabara ambapo magari yanangojeana kutoka pande zote. Na kama ni kusoma, tuna maktaba ya ghorofa! Chini vitabu, juu vitabu, katikati ngazi."

Nilikohoa. Kwa desturi, kikohozi ndicho pekee kilichobaki kwangu. Msemaji alidhani nampongeza, akaongeza kwamba ngazi hiyo ina vigae.

Shangazi aligeuza mwavuli wake upande mwingine.

"Sawa. Nitakuja kuona. Iko directeur mumoja wa shule kule Uvira, anamutaka huyu mutoto, na ana kabati muzima ya vitabu. Huyo hajatuambia uongo hata siku moja. Nikiona ghorofa yenu, chukueni mutoto, na baraka yangu juu. Nikikosa kuiona, ninapanda naye gari ya Uvira."

Binti aliinamisha kichwa. Mwanangu, aliyekuwa nyuma yangu, alivuta pumzi kama mtu aliyejigonga kidole kwa nyundo. Walipendana wale watoto. Hata mimi, ambaye sioni mbali bila miwani, nilikuwa nimeliona hilo.

Nyumbani mke wangu alinisubiri mlangoni.

"Alipokuwa akisema hayo, wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nanyamaza. Ndiyo kazi yangu."

"Basi ungenyamaza kwa sauti kubwa zaidi."

Nikavuka uzio kwenda kwa jirani. Nilimkuta anakula muhogo bila wasiwasi wowote.

"Ndugu yangu, hiyo maktaba ya ghorofa umeiona kwa macho?"

"Nimeona watoto wa shule wakitoka nyuma ya soko na vitabu kwapani. Kila siku. Sasa niambie wewe, mzee wa kanisa, vitabu vingi hivyo vinaweza kukaa wapi bila ghorofa?"

Niliamua kwenda kuiangalia mwenyewe kabla mgeni hajaja. Lakini Shangazi alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hamwachi muuzaji apate nafasi ya kupaka bidhaa rangi. Alikuja kesho yake asubuhi.

Siku hizo petroli ilikuwa imeadimika, magari ya abiria yamelala kama mbuzi wagonjwa, kwa hiyo alipata lori la muhogo hadi Kizuka, na kutoka Kizuka akaja amekaa upande juu ya baiskeli ya kukodi, mwavuli umefunguliwa. Kijana wa baiskeli alikuwa amelowa jasho mpaka viatu. Shangazi alishuka bila hata kukunja kitenge.

"Baiskeli iko muzuri," alisema. "Haingojei petroli. Inangojea ugali tu. Haya, amahoro kwenu. Twende."

Nilipoondoka, mwanangu alikuwa karakanani akipiga randa ubao uliokwisha kulainika tangu juzi. Sikumwambia kitu. Niliomba kimya kimya, si kwamba Mungu ajenge ghorofa kabla ya saa nne, maana hata imani ina adabu yake, bali atupe njia.

Tulianza na mzunguko wa barabara. Msemaji alisimama pembeni, akanyoosha mkono. Hapakuwa na gari hata moja. Baiskeli zilizobeba madumu ya mawese zilipita moja moja, taratibu, na mbuzi watatu au wanne walikuwa wamelala katikati kabisa.

"Hapa ndipo magari yanapongojeana," alisema msemaji.

"Naona bado yanangojeana," Shangazi alisema.

Bandarini mambo hayakuwa bora. Palikuwa na mashua moja ya mbao ikipakia sabuni na magunia, na wapakiaji wakigombana nani aliyekalia chakula cha mwenzake.

"Ile kubwa imeondoka jana," alisema msemaji.

"Jana." Shangazi alilitafuna neno hilo. "Hapa Rumonge mambo yote iko jana?"

Ukweli ni kwamba swali lake lilikuwa karibu na kweli kuliko alivyojua. Ziwa letu lilipanda miaka hii, likaingia mitaani bila kubisha hodi, na ukimtembeza mgeni ufukweni unajikuta unasema "palikuwa" kila hatua. Hapa palikuwa na barabara. Pale palikuwa na mahali pazuri pa kukaa na kunywa kitu baridi. Msemaji alitaka kumwonyesha mchanga wa kupumzikia, akaonyesha maji. Karibu na hapo mzee mmoja alikaa juu ya ukuta uliobaki wa nyumba yake, miguu inaning'inia, ameshika ndoano.

"Amahoro, mzee! Wanakula?" msemaji alimsalimu.

"Wanakula," yule mzee alijibu. "Hapa ninapotupa ndoano palikuwa jiko langu. Zamani nilikuwa natoka kutafuta samaki na kuwaleta jikoni. Sasa wanakuja wenyewe, nangojea tu wajifunze kuwasha moto."

Shangazi alicheka kwa mara ya kwanza, cheko kubwa lililomfanya ashike ukuta. Msemaji alijaza kifua kana kwamba yeye ndiye aliyeleta ziwa. Lakini cheko lilipokwisha Shangazi alifunga mwavuli.

"Sasa ghorofa."

Tulipita katikati ya soko, kati ya ndagala waliotandazwa na wanawake wanaomimina mawese kwenye chupa, tukatokea nyuma, mahali ambapo msemaji alikuwa akiwaona watoto na vitabu vyao. Nilitazama juu. Kila nyumba ilikuwa imekaa chini kabisa kama kuku anayeatamia. Bati, bati, bati. Msemaji naye alitazama juu, kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri ghorofa ishuke.

"Iko ule upande," alisema hatimaye, bila kusema upande upi. "Ngoja niulize humu njia."

Palikuwa na nyumba ndefu ya matofali, mlango wa nyuma umeachwa wazi kidogo. Alisukuma mlango, akaingiza kichwa, akakitoa. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alivua kofia.

"Kuna msiba," alinong'ona.

Nilichungulia. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kuzunguka kuta zote, katikati patupu. Watu walikaa juu ya viti hivyo, wengi wao vijana, vichwa chini, na kila mmoja alikuwa na kitabu magotini kilichofunikwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji, kama tunavyofunika vitabu vyetu vya nyimbo. Hakuna aliyesema. Mbele, karibu na mlango mwingine, mama mmoja alikaa peke yake kwenye kimeza akijifuta macho na pua kwa leso.

Asiyekaa huku atashangaa. Lakini kwetu watu hawanyamazi pamoja hivihivi. Sokoni tunapiga kelele, kanisani tunaimba, hospitalini tunasimuliana wagonjwa wetu wa zamani, hata usiku ziwani wavuvi wanaitana toka mtumbwi hadi mtumbwi. Mahali pekee nilipowahi kuona watu wengi wamekaa kwenye viti kando ya ukuta bila neno ni nyumba ambayo mauti yameingia. Na nyumba ya namna hiyo huipiti. Hata uwe unakwenda harusini, unaingia, unatoa pole, ndipo unaendelea. Habari ya ghorofa ilitutoka sote kichwani. Shangazi mwenyewe alifungua kitambaa cha kichwani, akajifunga kiunoni, akaingia na kuketi sakafuni kama wanavyoketi wanawake wenye uchungu.

Msemaji alizunguka akishika mikono. "Pole sana. Pole, mwanangu. Mungu awatie nguvu." Wale vijana walisimama mmoja baada ya mwingine, wakapokea mkono wake kwa mikono yote miwili, kama walivyofundishwa makwao. "Murakoze," walishukuru kwa sauti ya chini. Hakuna aliyeuliza kitu. Mtoto aliyelelewa vizuri, mzee akimpa pole, anaipokea kwanza.

Alipofika kwa yule mama mwenye leso, mama aliinua macho mekundu, akaweka kidole midomoni.

Msemaji alinirudia. "Hawezi kusema," alininong'oneza, naye machozi yamemlengalenga. "Uchungu umemziba. Omba, mzee."

Nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu. Nimeombea wafu wakubwa kwa wadogo, kambini na nyumbani, na mtu akiniambia "omba" mbele ya wafiwa, mdomo wangu unafunguka kabla sijauagiza. Nikapiga hatua hadi katikati ya chumba.

"Ndugu zangu, tusimame tuombe."

Walisimama wote. Niliomba kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kirundi, ili asibaki mtu nje. Sikujua jina la marehemu, basi nikasema, "Huyu uliyemwita, Bwana, wewe unamjua kwa jina." Nikamkabidhi Mungu wajane, kama wapo. Nikamkabidhi yatima, kama wapo. Nikamshukuru kwa mema yote aliyoyatenda ndugu yetu huyu, ambayo pengine sisi hatukuyaona. Sijui kama niliwahi kuomba vizuri hivyo. Msichana mmoja mwenye sare ya shule alianza kulia. Wa pili akamfuata. Ndipo Shangazi, kutoka sakafuni, akaanzisha wimbo.

Alikuwa na sauti kama ya tarumbeta. Na katika mji wetu huwezi kuanzisha wimbo wa kanisa ukauimba peke yako: wavulana walishika sauti ya chini, wasichana ya kati, na kuta zikajaa. Watu wa sokoni waliusikia. Wanawake wa samaki walifika mlangoni, wakashusha beseni. Mtu wa baiskeli aliegemeza madumu yake ukutani na kuvua kofia. Wimbo ulipokwisha, mwanamke mmoja mlangoni alimuuliza mwenzake polepole, "Ni nani?" Mwenzake hakujua, akamuuliza wa mbele. Wa mbele akamuuliza wa pembeni. Swali lilizunguka chumba kizima kama sahani ya sadaka siku ya njaa, likarudi tupu, likaishia kwa yule mama mwenye leso.

"Mimi nilidhani nyinyi ndio mumefiwa," alisema, sauti imekauka kwa mafua. "Nilifikiri mumekosa mahali pa kukaa. Ningewafukuza vipi?"

"Kwa hiyo hapa..." nilianza.

"Hapa hakuna mutu amekufa, baba. Hapa ni bibliyoteki, ni maktaba. Hawa wanasoma, wanangojea mtihani wa serikali. Nilimuonyesha mwenzako kidole munyamaze."

Naona ningeweza kusikia samaki wakikauka sokoni.

"Tumelia bure?" aliuliza mwanamke mmoja wa beseni.

"Hapana," alijibu mwenzake. "Machozi haya tutayakata kwenye msiba ujao. Mimi nikifika nitakaa tu, nitasema nililipa Jumatano."

Cheko lililofuata lilitikisa bati. Vijana walicheka, wenye beseni walicheka, mtu wa madumu alikaa chini kabisa. Ni watu wawili tu ambao hawakucheka: msemaji, aliyekuwa akiizungusha kofia yake mikononi akitafuta upande wa mbele, na mimi. Kwa maana nilikuwa nimemwona Shangazi akinyanyuka kutoka sakafuni.

Alijifunga kitambaa chake kichwani, taratibu. Akatazama dari. Akamgeukia yule mama wa maktaba.

"Juu iko nini?"

"Juu?" mama alitazama naye. "Juu iko bati."

"Na vitabu?"

Mama alipiga chafya, akachukua funguo zilizokuwa mezani pake, akafungua makabati ya chuma yaliyokuwa nyuma yake. Mimi nilidhani ni makabati ya nguo. Ndani vitabu vilisimama bega kwa bega, vingine vimechakaa, vingine vina alama za maji. "Tunavifungia kwa sababu ya panya," alieleza. "Mutu akija tunamufungulia."

"Na mbona watoto wanasomea magotini? Meza zao ziko wapi?"

"Zimeazimwa, mama. Kila wakati wa harusi wanakuja kuziazima. Wanasema ni za Jumamosi, zinarudi Alhamisi, zinaondoka tena Ijumaa."

Shangazi aliguna. Alimwendea yule msichana wa kwanza kulia, ambaye bado alikuwa na kwikwi.

"Na wewe, mutoto, ulikuwa unamulilia nani?"

"Sijui, mama," alisema msichana. "Mzee aliomba vizuri."

Shangazi alitoka nje. Tulimfuata, msemaji na mimi, kama watuhumiwa wawili. Alisimama kwenye kivuli cha ukuta, akaweka ncha ya mwavuli chini. Nilimwona mwanangu akilini, na ule ubao wake. Nikamwona binti ndani ya gari la Uvira, gazeti la chumvi mkononi.

"Mama Shangazi," alianza msemaji, "ile ghorofa, unajua, kwanza nikueleze jinsi..."

"Wewe nyamaza."

Akanyamaza. Nilikaribia kumshika mkono nione kama yu mzima.

Kisha Shangazi akanigeukia mimi. "Baba ya kijana. Toka Minago sijasikia sauti yako mpaka leo ulipoombea mutu asiyekufa. Leo mila iko pembeni. Sema wewe."

Sikuwa nimejiandaa kusema. Nilisema kama nilivyoona.

"Dada yangu, ghorofa hakuna. Meli kubwa sijaiona mimi pia. Maktaba yetu ni chumba kimoja, meza zake ziko harusini, na leo nimeingia humo mara ya kwanza, kama wewe. Lakini vitabu vipo. Na kijana wangu ni seremala. Meza anaweza kutengeneza."

"Meza ya kuazimwa?"

"Meza ya kupigiliwa ukutani. Mtu akitaka kuiazima, aazime na ukuta."

Shangazi aligeuka, akachungulia mlangoni. Ndani, vijana walikuwa wamekwisha kurudi kwenye vitabu vyao, na ukimya ule ukaanza tena, nami nikauogopa kidogo hata sasa nilipojua ni wa nini.

"Ule directeur wa Uvira," alisema mwishowe, "kabati yake ina kufuli, na ufunguo iko mufukoni mwake. Nilimuuliza mwalimu wake mumoja: vitabu vya kabati vinasema nini? Akaniambia hajui, hakuna mutu amevigusa. Hapa ufunguo iko mezani." Alimwonyesha msemaji kwa mwavuli. "Na huyu ni mwongo. Lakini aliingia humu na uongo wake, akakuta watu wamenyamaza, akasahau uongo, akaanza kulia nao. Na watu wote wakalia. Hakuna aliyeuliza kabila, hakuna aliyeuliza kanisa. Mutoto wangu siku moja atafiwa na baba yake, nami iko mbali. Najua sasa hatalia peke yake."

Nilisema amina, kama niko kanisani.

"Bado sijamaliza," alisema Shangazi. "Meza kwanza, harusi baadaye. Na msemaji wenu nampiga faini."

"Kreti ya vinywaji?" msemaji aliuliza kwa unyonge wa mtu aliyezoea.

"Kitabu. Utaingia humo, utafunguliwa kabati, utasoma kimoja mpaka mwisho. Siku ya harusi utanisimulia. Na usiongeze kitu."

Mwanangu aliacha kazi zote za watu. Alitengeneza meza ndefu za mninga, akazipigilia ukutani kwa misumari ambayo ningeitumia kuezekea kanisa, akageuza makali yote yawe laini ili yasiharibu mikono ya sare. Yule mama wa maktaba, mafua yamemwisha, alizitikisa moja moja kwa nguvu zake zote. Hazikusogea. Alicheka kama aliyeponywa.

Na msemaji alisoma. Hilo liliwashangaza watu kuliko meza. Nilimpitia siku moja nikamkuta amekaa katikati ya wanafunzi, midomo inacheza, kidole kinafuata mstari. Kwa kuwa hajazoea kusoma bila sauti, vijana walikuwa wakimwekea kidole midomoni kila baada ya muda, naye alikuwa akiwaitikia kwa kichwa kwa heshima. Kilikuwa kitabu cha ufugaji wa nyuki. Alikuwa amechagua chenye picha nyingi. Nyumbani, jioni, alinisumbua na malkia wa nyuki mpaka mke wangu akasema afadhali enzi za ghorofa.

Nimefikiri mara nyingi juu ya yule tuliyemwombea. Naamini Mungu hapotezi sala. Saa ile, mahali fulani pwani hii au ng'ambo ya ziwa, lazima kuna mtu aliyekuwa akikata roho bila mchungaji wala ndugu, akasikia kwa mbali watu wakiimba sauti zote tatu. Akiwa ni huyo, apumzike. Sisi kwake tuna shukrani kubwa.

Harusi ilifanyika kwetu. Asubuhi yake mke wangu alinituma kuazima meza za wageni, nami nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu kabla sijakumbuka. Mji mzima hapakuwa na meza. Zote zilizokuwa zikihudumia harusi za Rumonge tangu tujue harusi zilikuwa zile kongwe za maktaba, na yule mama alikuwa amezidai zote zirudi na kuzipanga katikati ya chumba, kati ya zile za ukutani.

Basi wageni walikaa kwenye viti, tukavipanga kando ya uzio kuzunguka ua wote, kila mmoja na sahani yake magotini. Walinung'unika kidogo. Msemaji alisimama akaanza kumsimulia Shangazi habari za nyuki, neno kwa neno, bila kuongeza kitu, na Shangazi alimsikiliza macho yamefumba, mwavuli magotini. Kisha wali na samaki wakafika, na kwa sababu mke wangu anajua kupika, watu wote waliinamisha vichwa wakaacha kusema.

Ndipo mtu mmoja wa baiskeli aliyekuwa akipita barabarani na madumu yake akatazama uani kwetu. Alisimama. Akaegemeza baiskeli, akavua kofia, akamsogelea mke wangu langoni kwa hatua za polepole.

"Pole sana, mama," alisema. "Ni nani?"

Mke wangu alinitazama kutoka kule langoni. Kisha akamshika mgeni mkono, akamkalisha penye kiti kitupu, akamwekea sahani magotini, akamwambia ale kwanza, habari ataipata akishashiba.